Barua ya wazi: Gari la doria likifika alfajiri, tembo keshashiba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Makamishna wa Uhifadhi wa TANAPA (hifadhi za taifa) na TAWA (usimamizi wa wanyamapori),
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mwanza, Simiyu na Mara,
na Wakurugenzi wa halmashauri zote zinazopakana na Serengeti upande wa ziwani.

Shikamooni wakubwa wangu.

Mimi ni fundi magari. Gereji yangu iko Mwanza, upande wa Igoma, na kwa miaka 22 watoto wangu wamekula na kusoma kwa injini za dizeli, za pikapu hasa. Nimezaliwa Busega, kwenye kijiji ambacho ukipanda juu ya kichuguu jioni unaliona ziwa liking'aa upande mmoja, na upande wa pili unaona mstari wa miti ya hifadhi. Ninawaandikia juu ya mambo mawili ambayo nadhani huko ofisini yanakaa kwenye mafaili mbalimbali: vijana wa vijijini wanaotega nyumbu, na magari ya doria yasiyo na nguvu. Kwa sisi tuliozaliwa kule ni jambo moja.

Nianze na langu mwenyewe, ili msidhani nimekuja kunyooshea wengine vidole.

Gerejini tairi kuukuu ni kero. Zinajaza nafasi, zinatuama maji, mbu wanazaliana humo. Kwa hiyo kijana yeyote aliyekuja kuomba tairi nilimpa, tena nikamshukuru. Nilijua anakwenda kukata katambuga, au kutengeneza kamba za kufungia mizigo. Basi mwaka mmoja nikaenda nyumbani kwenye msiba. Siku ya pili asubuhi nikasikia harufu ya mpira unaoungua, nikazunguka nyuma ya nyumba ya jirani. Kijana mmoja, namfahamu, mama yake ndiye alituletea uji wa matanga, alikuwa amechuchumaa mbele ya tairi iliyobaki majivu. Anachokoa kwa kijiti, anavuta nyaya moja moja, anazipangusa kwa gunia bichi. Halafu anasokota tatu kwa pamoja, anakunja kichwa cha kitanzi, anapitisha ncha, anavuta kuona kama inakimbia vizuri. Alikipimia kwenye goti lake. Pembeni tairi ya pili ilikuwa imeegemezwa ukutani, haijachomwa bado, na ubavuni ilikuwa na namba kwa chaki. Mwandiko ule ni wa kijana wangu wa gerejini.

Sikusema neno, nilirudi kukaa na wafiwa. Lakini tangu siku hiyo tairi haitoki kwangu bila kujua inakwenda kwa nani. Na nimejua kitanzi kinavyofanya kazi, maana baadaye yule kijana alinieleza mwenyewe. Kinafungwa kwenye mti imara, kwenye njia ya wanyama kwenda maji, kwa urefu wa shingo. Mnyama akiingia, kila anapovuta kinazidi kukaza. Kinachosikitisha ni kwamba hakichagui. Anakusudiwa nyumbu, ananaswa pundamilia, twiga anakatwa mguu, simba anabaki na waya shingoni mpaka kidonda kinaoza, na tembo, tembo yuleyule anayekuja kula mahindi yetu, anakatwa ncha ya mkonga. Anayetega saa nyingine hata harudi kuangalia, kwa kuogopa doria, na nyama inaozea palepale.

Mnajua kuliko mimi kwamba kundi la nyumbu wa Serengeti linakadiriwa kufika milioni 1.3, na kwamba watafiti wanahesabu wanaouawa kwa ujangili wa kitoweo kwa makumi ya maelfu kila mwaka, na wapo waliofikia zaidi ya 100,000. Mnajua pia kwamba tangu mwaka 2017 kuna vikosi vinavyozunguka kutegua mitego hii, kazi ya shirika la uhifadhi la Frankfurt Zoological Society pamoja na TANAPA na wenye kampuni za utalii, na kwamba baadhi ya wanaotegua waliwahi kutega. Ni kazi njema, na Mungu awabariki. Lakini kitanzi kikiteguliwa leo, kingine kinasokotwa kesho nyuma ya nyumba. Mimi nataka kuwaeleza saa ambayo mtu anaamua kukaa chini na kusokota. Nimeiona kwa macho.

Ilikuwa mwezi wa tano, miaka minne iliyopita. Baba yangu mdogo alikuwa na ekari tatu za mahindi na kipande cha mtama, na mahindi yalikuwa yamekomaa, yale ambayo ukiyabana kwa kidole hayatoi maziwa tena. Wiki mbili na unavuna. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia kutengeneza kihenge. Saa mbili usiku mbwa wakaanza, si ule ubwekaji wa fisi, ni ule wa kurudi nyuma. Tukatoka. Huwezi kumwona tembo gizani, unamsikia: mahindi yanavunjika kwa mfululizo, kama watu wengi wanatembea juu ya kuni kavu. Walikuwa kama tisa.

Baba mdogo alikuwa na namba ya simu aliyopewa kwenye mkutano wa kijiji. Wataalamu walikuja, wakasema tusiwafukuze kwa mishale wala moto, tupige simu, gari litakuja na askari wenye baruti za kishindo. Akapiga. Akajibiwa kwa heshima, nilisikia kwa masikio yangu: "Mzee, gari linatoka sasa hivi." Tukakaa. Wanawake wakapiga madebe, watoto wakamulika tochi. Saa tatu, saa nne. Akapiga tena. "Liko njiani, Mzee." Saa sita. Kufika saa nane wale tembo walikuwa wamehamia kwenye mtama.

Gari lilifika saa kumi na moja alfajiri. Lilikuja likisukumwa. Vijana wa kijiji cha jirani walikuwa nyuma yake, na askari wenyewe wamelowa tope mpaka mapajani. Kilomita 14, saa tisa. Kiongozi wao, mtu mzima, alimwamkia baba mdogo, akavua kofia, akasema, "Mzee wangu, tulitoka saa ileile uliyopiga. Gari halina nguvu." Kisha akakaa chini kwenye ukingo wa shamba na kutazama yale mabua. Sikumwonea hasira. Mtu aliyesukuma gari usiku kucha ili akusaidie si adui yako.

Kwa vile ni fundi, niliomba nifungue boneti. Sitaitaja ofisi yenye gari lile, maana nimekwisha kuona mengine kama hilo katika ofisi zaidi ya moja, na kosa si la dereva. Harufu ya klachi iliyoungua ndiyo iliyonipokea. Naomba mnivumilie niseme kifundi kidogo, kwa sababu hapa ndipo kwenye kiini chenyewe.

Ilikuwa pikapu yenye injini ya dizeli ya lita 2.4, silinda nne, haina tabo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Ni injini ninayoiheshimu. Imebeba nanasi, samaki na wagonjwa Afrika nzima. Ikiwa mpya, kule chini usawa wa bahari, inatoa kama nguvu farasi 80. Lakini ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na nchi inapanda kadiri unavyoelekea hifadhini. Injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi, na dizeli isiyopata hewa haiungui, inatoka moshi mweusi. Kwa hiyo kabla gari halijapakia hata mtu mmoja, mmebaki na farasi 70. Injini ile ilikuwa imezeeka, nozeli zinakojoa dizeli badala ya kuinyunyiza. Punguza tena. Juu yake mtu ameunganisha keji ya vyuma vizito, wakapanda askari saba, na madumu ya maji, na hema, na tairi mbili za akiba.

Halafu nikatazama tairi. Kwa nia njema kabisa, mtu alikuwa amefunga tairi kubwa kuliko zile za kiwandani ili gari liinuke juu ya matope. Wakubwa wangu, tairi kubwa ni sawa na kupandisha gia. Kila mzunguko wa ekseli sasa unatakiwa kusukuma gari mbali zaidi, kwa injini ileile dhaifu. Gia ya kwanza inakuwa kama moja na nusu. Gari halianzi kwenye tope mpaka dereva akanyage mafuta na kuachia klachi nusunusu, na pleti ya klachi inaungua. Akikanyaga mafuta muda mrefu bila gari kwenda, upepo haupigi rejeta, maji yanachemka, na wiki inayofuata gasketi ya silinda hedi imekwenda. Lilikuwa na ile gia ndogo ya kujinasulia, inayovuta tairi zote nne polepole. Nikajaribu kuiingiza, ikakataa. Nikamuuliza dereva tangu lini. Akasema, "Tangu sijahamia hapa."

Watu wengi wanaonunua magari wanatazama farasi. Farasi wanakupa mbio, kinachokutoa kwenye tope ni mvuto, yaani nguvu ya injini ikiwa bado inazunguka taratibu. Ile Land Cruiser ya lita 4.2 yenye silinda 6, ambayo kila mtu anayefanya kazi porini anaijua, nayo haina tabo, na farasi wake ni kama 130 tu. Shangingi la mjini linaipita mbali. Lakini inavuta tangu chini, ukiiweka gia ya kwanza inatembea kwenye mbuga nyeusi kama ng'ombe wa plau. Ninaposema mbuga hapa ninasema kama Wasukuma tunavyosema, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono, mvua ikinyesha unakuwa sabuni juu na gundi chini. Ushoroba wa magharibi wa Serengeti, tangu kwetu kwenda ndani, sehemu kubwa ni udongo huo.

Sasa tazameni kalenda. Mahindi yanakomaa mwishoni mwa masika, na huo ndio wakati ambao udongo ni matope. Kwa hiyo mwezi ambao tembo anaingia shambani ni mwezi uleule ambao pikapu dhaifu haiwezi kufika. Na nyumbu wanaposhuka kwenye ushoroba wa magharibi ni mwezi wa tano, wa sita, kuendelea. Mtu aliyepoteza chakula cha mwaka mzima wiki iliyopita anasikia usiku milio ya nyama maelfu kwa maelfu ng'ambo ya mpaka, na mpaka wenyewe ni mto anaouvuka kwa miguu.

Mtoto wa baba mdogo, yaani mdogo wangu, alisokota nyaya mwezi wa saba ule. Simtetei. Nilimwambia akiwa bado huru kwamba anachofanya ni wizi kwa watoto wake mwenyewe. Alinijibu, "Kaka, mimi niliwalinda wanyama wao miaka yote, na siku moja tu nilipoomba ulinzi sikuupata." Aliuza nyama kavu, akanunua magunia mawili ya mahindi. Mwezi wa nane, ardhi ikiwa imekauka na barabara ngumu kama sakafu, gari lilikuja kumchukua. Pikapu ileile. Nilipigiwa simu na mama mdogo. Alisema lilifika upesi sana, hata chai ilikuwa haijachemka.

Leo yuko gerezani. Kupatikana na nyara za Serikali, yaani nyama au viungo vya mnyamapori, kunahesabiwa uhujumu uchumi, na kifungo chake kinaanzia miaka 20. Atatoka binti yake akiwa na watoto. Mkewe anauza dagaa Lamadi, anaamka saa tisa usiku kwenda mwaloni kuwahi mitumbwi.

Hilo ndilo ambalo limeingia vichwani mwa watu kule kwetu, na ningependa mlisikie kama linavyosemwa: gari la kukamata linafika, gari la kusaidia halifiki. Mwanzoni nami nilidhani ni chuki. Nilipofungua boneti nikaona ni udongo na injini. Gari ni moja, askari ni walewale, tofauti ni kwamba moja inaitwa masika na nyingine kiangazi. Lakini mwanakijiji hana haja ya kujua habari za mvuto na nozeli. Anahesabu safari, na kwa hesabu yake Serikali inampenda tembo na kumchukia yeye.

Niseme pia kwamba sidharau kilichofanyika. Tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014 kwa sababu ya meno yao, na nchi iliposema basi, iliweza. Mitandao ilivunjwa, wenye fedha wakafikishwa mahakamani. Tembo wanaoingia mashambani leo ni matunda ya kazi ile, na mimi najivunia. Ninachouliza ni kwa nini nguvu ile haifiki kwenye ekari tatu za mzee mmoja.

Kuna jambo la zamani ambalo wazee wa mifugo wanalikumbuka vizuri. Sotoka ilipokuwa ikiua ng'ombe, iliua na nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni. Ng'ombe wa vijijini wakachanjwa, mwaka hadi mwaka, na ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu nao, bila nyumbu hata mmoja kushikwa. Ndani ya miaka kama kumi na tano walivuka milioni. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Fikirieni hilo: kundi kubwa kuliko yote, ambalo watalii wanatoka Marekani na Uingereza kuja kulitazama, lilikuzwa kwa sindano iliyochomwa zizini kwa mwanakijiji. Huduma ilikwenda kwa ng'ombe wa mkulima, faida ikaonekana hifadhini. Mimi naomba gari liende kwa njia ileile.

Ninachoomba si magari mengi. Naomba gari linalofaa, mahali linapohitajika, mwezi linapohitajika. Kabla ya kununua pikapu za doria, tafadhali zijaribuni Aprili, si uwanjani mjini. Pakieni askari saba, maji na hema, nendeni nazo kwenye mbuga nyeusi kati ya Lamadi na mto Rubana baada ya siku mbili za mvua, na aliyeshika usukani awe dereva wa doria mwenyewe. Gari litakalotoka lenyewe ndilo linunuliwe, hata kama bei yake si ya chini kuliko zote. Bei ya chini inalipwa mara ya pili kwa klachi, mara ya tatu kwa silinda hedi, na mara ya nne na baba mdogo.

Yale mliyonayo msiyatupe. Mengi yanaweza kuponywa bila fedha nyingi. Rudisheni tairi za kiwandani au za ukubwa wa karibu nazo, zenye meno ya matope. Hiyo pekee inarudisha gia iliyopotea. Tengenezeni gia ndogo zilizokwama, kazi ya siku mbili. Pimeni nozeli na pampu. Ondoeni vyuma vya keji visivyo na kazi. Na pale ambapo mwili wa gari ni mzima lakini injini imechoka, wekeni ya lita 3.0 yenye tabo badala ya kuifufua ileile dhaifu kwa mara ya tatu. Tunafanya hivyo kila wiki kwa wafanyabiashara wa samaki, na magari yao yanafika Mwanza mjini usiku wa mvua kabla barafu haijayeyuka. Mfanyabiashara hawezi kuvumilia gari lisilofika. Nashangaa sisi sote tumevumilia.

Jambo jingine ni pikipiki. Anayebeba nyama ya porini leo habebi kwa lori, anabeba kwa bodaboda ya cc 150 kupitia njia za ng'ombe ambazo hata Land Cruiser haipiti. Askari wa wanyamapori wa kijiji anamfukuza kwa miguu. Mpeni pikipiki na mafuta, na mumlipe kwa wakati. Ndiye anayejua nani kanunua chumvi nyingi wiki hii, na ndiye atakayefika shambani kwa dakika 20 na baruti za kishindo huku gari likija nyuma.

Na gari lenyewe, kuanzia mwezi wa nne mpaka mavuno, lilale upande wa kijijini. Naamini mnaandika takwimu za waliokamatwa na mitego iliyoteguliwa. Andikeni na saa: simu imepigwa saa ngapi, gari limefika saa ngapi. Bandikeni karatasi hiyo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila mwezi. Siku watu watakapoona "saa mbili usiku, saa mbili na nusu", yule kijana wa tairi ataanza kuwapigia nyinyi simu kuhusu wageni wanaolala porini.

Kifuta jasho, ile pole ya fedha kwa aliyeharibiwa na wanyama, ni kizuri, lakini si badala ya kufika. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kwamba shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani lisilipwe kabisa, na uhai wa mtu aliyeuawa ulikadiriwa kwa shilingi milioni 1. Viwango kupandishwa ni haki, lakini mzee aliyelala macho usiku kucha akipiga debe anataka kwanza kuona taa za gari.

Juu ya vifungo nitasema kidogo tu, kwa kuwa mdogo wangu yumo na mnaweza kudhani ninamwombea yeye. Anayenunua nyama kwa watu kumi na kuisafirisha kwenda mijini na aliyebeba paja moja nyumbani kwake wasiwekwe kwenye mizani moja. Wanasheria wenu wanajua namna ya kuliandika hilo.

Mimi nimeshaanza sehemu yangu. Oili chafu niliyokuwa nikiimwaga gerejini sasa siimwagi. Naikusanya kwenye mapipa. Wakulima wanachanganya na pilipili iliyotwangwa, wanalowesha vitambaa na kamba za katani na kuzungushia shamba, na tembo hapendi harufu ile. Mwaka jana nilipeleka mapipa mawili Busega kwa basi. Inasaidia usiku wa kawaida. Mvua kubwa ikinyesha inaosha, na tembo akiwa na njaa ya kweli anapita. Hapo ndipo inabidi mtu apige simu.

Na ofisi yoyote kati yenu ikiniletea pikapu moja ya doria, nitaipima tairi, gia ndogo, klachi na nozeli bila kudai shilingi ya ufundi, nyinyi mnunue vipuri. Nitaandika kila nilichokikuta, na mtaamua wenyewe.

Baba mdogo amelima tena. Ekari mbili safari hii, kwa sababu ya tatu ilikuwa ikilimwa na mwanawe. Nimepita kwake Jumapili, mahindi yamefika kiunoni na mvua imeanza kushika. Namba ile ya simu bado ameiandika kwa mkaa juu ya mlango.

Wasalaam,
Fundi magari, Igoma, Mwanza